Ncha za Majani Zikikauka, Usikimbilie Jagi

Jumapili jioni msomaji wa Njoro aliniandikia: "Dada, drasena yangu inakauka ncha za majani. Namwagilia kila baada ya siku mbili na bado. Niongeze maji?" Kisha akatuma picha. Jani refu la kijani la mmea huo wa sebuleni, ncha ya kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto, na katikati yake mstari mwembamba wa manjano. Nilikaa kimya na simu mkononi. Picha hiyo naijua. Iliwahi kunipotezea kazi.

Mapenzi ya mimea niliyatoa Kisumu, kwa shangazi yangu. Kila asubuhi alichota maji kwenye tanki la mvua chini ya mabati, akapita chungu kwa chungu, na baraza lake lilikuwa msitu. Nilipohamia Nakuru mwaka 2018 nilibeba vipandikizi vyake kwenye matatu, vimefungwa kwa gazeti bichi, nikabeba na kanuni yake: kila asubuhi, kila chungu. Sikujua kwamba kanuni ile ilikuwa ya Kisumu. Kule joto la ziwa hukausha chungu upesi. Nakuru iko juu ya mita 1,800, na asubuhi za Julai unavaa sweta ndani ya nyumba. Udongo uliokauka kwa siku moja kwa shangazi, huku unaweza kukaa na unyevu wiki nzima.

Ofisi moja mjini ikanipa kazi ya kutunza vyungu vyao 14. Waliitaka mimea kwa sababu walisikia inasafisha hewa. (Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 unaotajwa sana ulifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Ofisi yenye milango na madirisha ni habari nyingine. Pambeni chumba kwa sababu mmea ni mzuri, inatosha.) Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilifuta majani kwa kitambaa, moja moja. Baada ya miezi michache ncha zikaanza kukauka, na mkubwa wa pale akaniita mapokezini, wageni wamekaa, akasema, "Maua yanakufa kiu na wewe tunakulipa."

Nikaongeza maji. Kila mtu aliyepita alinishauri hivyo hivyo. Ncha zikazidi kukauka, nikazidi kumwaga. Halafu majani ya chini yakawa manjano, na siku moja nilishika shina la drasena kubwa kuliko zote nikalivuta kidogo tu, likanifuata mkononi. Chungu kilinuka kama mtaro. Nilipochambua mizizi, ganda lake liliteleza kati ya vidole likaniachia kiuzi chembamba. Walinifukuza wiki ile, na mshahara wa mwezi wa mwisho sijauona mpaka leo. Bado inaniuma, sitaficha.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Nilimpelekea klorofitamu yangu, ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe, unaozaa watoto wanaoning'inia. Hakuuliza namwagilia mara ngapi. Aliuliza maji nayatoa wapi. Nikasema ya kisima kilichochimbwa kwa mashine. Akafungua mdomo akanionyesha meno yake yenye madoa ya kahawia: "Kilichonipaka haya ndicho kinachochoma majani yako."

Floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji! Sisi wa Nakuru tunaijua kwa meno ya watoto wetu, lakini ni wangapi wamewahi kuihusisha na ua la sebuleni? Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Mmea huyanywa, maji huyeyukia hewani kupitia majani, floraidi hubaki ikijikusanya kwenye ncha mpaka inaziua. Drasena na klorofitamu huathirika kuliko mimea mingi. Kwa hiyo kila jagi nililoongeza lilikuwa na mawili ndani yake: floraidi ya kuchoma ncha, na maji ya kuinyima mizizi hewa. Mizizi hupumua, jamani. Ikizama inaoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka kama wenye kiu, maana hauna tena cha kunywea.

Usidanganywe kwamba kulaza maji usiku kucha kunatosha. Klorini, ile dawa ya kusafisha maji ya bomba, itapungua, floraidi itabaki. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa maji yanapungua na floraidi iko palepale. Kinga maji ya mvua. Na kokoto mnazojaza chini ya chungu "ili maji yatoke" hazisaidii. Maji hukwama kwenye udongo ulio juu yake mpaka udongo ushibe kabisa, na mizizi inazama mapema zaidi. Toboa chungu, changanya udongo na yale mawe mepesi ya volkano tuliyojaaliwa huku.

Na zaidi ya yote, tia kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukihisi ubichi, ondoka. Usiangalie kalenda, usiangalie jirani, usimsikilize mkubwa wa ofisi. Tia kidole. Mnanunua vyungu vya bei ghali, mnapiga picha, halafu mnashindwa kugusa udongo! Anayependa kitu hukigusa akajua hali yake.

Leo natunza mimea ya nyumba tisa, na tanki langu la mvua ni la lita 1,000. Sijapoteza drasena hata moja tangu mwaka juzi.

Msomaji wangu nilimwambia akate ncha zile kwa mkasi akifuata umbo la jani, maana hazitarudi kuwa kijani, aweke ndoo chini ya mabati, na asimwagilie mpaka kidole kitoke kikavu. Jana ameniandikia. Ni siku ya tano, udongo bado mbichi, na jagi amelifungia kabatini.