Mionzi iliniuma nilipofika nyumbani

Siku ya mwisho ya mionzi ya saratani ya titi nilikuwa mzima, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilipigwa vipindi 15 vya titi Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu. Unalala dakika chache, mashine inazunguka, huhisi kitu. Ngozi ilikuwa imeiva kidogo tu. Nikakata tiketi, nikarudi Newala, mkoani Mtwara.

Siku ya sita, ngozi ya chini ya titi, pale jasho linapojikusanya, ikabanduka na kutoa majimaji. Mama mkubwa akaja mbio na chupa ya mafuta ya nazi. Nilimshukuru, sikupaka. Pakishabanduka hapapakwi kitu ambacho hukuelekezwa na wanaokutibu. (Mafuta tulikaangia vitumbua.)

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ngozi huendelea kuharibika wiki moja au mbili baada ya kumaliza, ndipo ianze kupona. Kwa hiyo, wewe unayetoka huku kwetu, usipande basi kabla hujauliza: ikibanduka nifanyeje, nipige simu kwa nani, nifunge na nini? Mimi niliuliza kwa simu, siku mbili nikitafuta mtu wa kupokea.

Nilioga maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nikajikausha kwa kugusagusa na kanga kuukuu, bila kusugua. Sidiria niliiweka kabatini. Kilichonitesa ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Ilikuwa mwezi wa saba, watu wanapuliza mikorosho, na vumbi lake likitua kwenye jasho linawasha hata ngozi isiyo na kidonda. Nilihamia kwa dada mjini mpaka wakamaliza shamba la jirani.

Uchovu nao ni wa namna yake. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na wapo walioniita mvivu. Kutembea kidogo jioni kulinisaidia kuliko kushinda kitandani. Jirani mmoja alimzuia mwanawe asinikaribie, eti mionzi itamfika. Mionzi inayotoka kwenye mashine haibaki mwilini. Wajukuu niliwapakata siku ileile niliyofika.

Aliyepigwa mionzi ya nyonga ataona mengine: kuharisha, mkojo kuunguza. Asione haya kusema.

Homa, usaha au harufu kwenye kidonda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kwa sisi tuliopigwa mionzi kifuani, kikohozi kikavu na kukosa pumzi miezi kadhaa baadaye, nenda pia, na useme ulipigwa mionzi. Changu kilikuwa mafua tu, lakini nilikwenda.