Ukipenda Habari za Mtu wa Kale, Usomee Nini Chuoni?

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitangazwa, vijana wa huku kwetu, Nakuru hadi Homa Bay, huniuliza swali moja: "Kaka, mimi napenda sana habari za mtu wa kale. Nijaze kozi gani KUCCPS?" yaani kwenye shirika linalopangia wanafunzi nafasi za vyuo. Nalipenda swali hili kuliko yote ninayoulizwa, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Shahada ya kwanza inayoitwa "Asili ya Binadamu" usihangaike kuitafuta, hutaiona kwenye orodha. Tulikotoka huchunguzwa na watu wa fani mbalimbali wanaokutana kwenye kilima kimoja. Yuko anayejua mifupa, yuko anayejua zana za mawe, yuko wa miamba na majivu. Yuko hata wa nyasi za kale, kama Dkt. Rahab Kinyanjui wa Makavazi ya Kitaifa, anayetambua mimea iliyotoweka kwa chembe ndogo za silika ilizoacha udongoni. Kwamba unampenda mtu wa kale tayari unajua. La kuamua ni hili: ukifika kwenye kilima hicho, unataka kushika nini?

Mimi jibu nililipata Kariandusi, kando ya barabara kuu karibu na Elementaita, tulipopelekwa na mwalimu wetu wa historia. Pale kuna mashoka ya mkono ya mawe ambayo timu ya mtafiti Louis Leakey iliyagundua mwaka 1928, mengine yamechongwa kwa kioo cheusi cha volkeno. Wenzangu waliinamia mashoka. Mimi macho yalinikwama kwenye machimbo ya jirani, ukuta wa udongo mweupe laini. Mwelekezi akasema ni magamba ya vijimea vya majini, kwamba pale palikuwa ziwa. Ziwa lilifikaje juu kule, na likaenda wapi? Safari nzima ya kurudi mjini nilimsumbua mwalimu kwa hilo. Nikasomea jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, na mpaka leo naona nilichagua vizuri.

Basi jipime hivyo hivyo. Ukisoma habari ya ugunduzi mpya, jiangalie unaruka aya gani na unarudia ipi.

Niseme zaidi kuhusu jiolojia, kwa sababu vijana wengi hawaioni kabisa wanapomfikiria mtu wa kale. Chukua Kisiwa cha Rusinga. Mary Leakey aliokota huko fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa jamii ya sokwe asiye na mkia, wa miaka takriban milioni 18 iliyopita. Mifupa ilihifadhika vizuri hivyo kwa sababu ya volkeno. Mlima Kisingiri, ambao mabaki yake ni vilima vya Gwasi unavyoviona ukiwa Mbita, ulimwaga majivu yenye chokaa nyingi, yakafunika wanyama na hata majani na matunda. Umri nao husomwa kwenye majivu hayo hayo. Madini yake yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Pima agoni iliyonaswa ndani, utajua volkeno ililipuka lini. Bila mtu wa miamba, fuvu ni zuri lakini halina tarehe.

Likizo moja ya chuo niliajiriwa kama msaidizi wa watafiti upande wa Homa Bay. Kazi yenyewe ni kutembea umeinama, jua mgongoni, ukikagua mteremko hatua kwa hatua. Ukitilia shaka kipande, unakigusa kwa ncha ya ulimi: mfupa wa kale una vitundu vidogo, hunata, jiwe la kawaida halinati. Jioni mnachekecha udongo, vumbi mpaka kwenye kope. Siku nyingi mnapata magamba ya kobe na meno ya mamba tu. Ukiona hayo nayo yanakufurahisha, kazi hii ni yako.

Anayevutwa na mikono ya watu kuliko miamba, asomee akiolojia, elimu ya vitu vilivyoachwa na watu wa kale. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, zimechimbuliwa zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2023. Lakini akiolojia ni kuandika sana: kila kijiwe kina namba na vipimo vya pale kilipolala. Mwenye kuchoshwa na daftari atateseka.

Wa mifupa aingie kwa mlango wa biolojia au anatomia, elimu ya maumbile ya mwili. Orrorin, kiumbe wa kale wa vilima vya Tugen, aliyepatikana mwaka 2000 na mwenye umri wa karibu miaka milioni 6, bado wataalamu wanabishana alivyotembea, na hoja kubwa ni umbo la mfupa wa paja. Huwezi kuingia kwenye ubishi huo kama hujui paja la binadamu na la sokwe. Anthropolojia, elimu ya binadamu na jamii zake, nayo ni nzuri, ila vyuo vyetu vingi huielekeza kwa jamii za leo: utamaduni, afya, maendeleo. Soma orodha ya masomo ya miaka yote minne kabla ya kuijaza.

Sasa chakula. Mama aliniuliza, "Mwanangu, mifupa italipa karo ya wadogo zako?" Ni swali la haki, wala usimkasirikie mzazi anayeliuliza. Nafasi za utafiti wa kudumu ni chache na zinadai uzamili, mara nyingi na uzamifu, kwa hiyo jiandae kutafuta ufadhili mapema. Mimi mshahara wangu unatoka kwenye visima vya mvuke wa ardhini, na mashapo, yaani tabaka za udongo wa kale, nayasoma wakati wa likizo. Ndiyo maana humshauri mtoto wa familia isiyo na akiba achague shahada ya kwanza yenye ajira nje ya utafiti pia.

Kuna na wanaoogopa kanisa litasemaje. Nimechimba na watu wanaosali kabla ya kushika sururu, na kazi yao ni safi. Zungumza na wazee wako kwa heshima, usianze vita nyumbani.

Kama uko Nakuru, nenda Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale na makavazi, wiki hii. Ukipata nauli ya Nairobi, kamwone kwenye Makavazi ya Kitaifa Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa kale, yule ambaye mfupa wake wa kwanza uliokotwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Na kabla dirisha la kubadilisha kozi halijafungwa, piga simu idara unayoitaka uulize mambo mawili: wanafunzi huenda uwandani mwaka wa ngapi, na gharama hulipwa na nani.