Mahindi ya chotara, GMO na nani mwenye mbegu

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa Kabuku, wilayani Handeni. Masika ya mwaka jana nilinunua mahindi ya chotara kwenye duka la pembejeo, nikavuna vizuri, nikachagua mahindi makubwa na kuyatunza kwa mbegu. Masika haya shamba limenishangaza: bua moja refu, la pili linanifika kifuani, mahindi mengine manene na mengine kama kidole. Jirani zangu wanasema ile ni GMO, kwamba makampuni ya nje yameweka kitu ndani ya mbegu ili tusiweze kuirudia. Je, ni kweli? Mbegu niliyoinunua kwa fedha yangu si mali yangu? Na nikimpa au nikimuuzia jirani pishi mbili, nimevunja sheria?

JIBU: Ndugu mkulima, mbegu uliyopanda haikuwa GMO. Nasema hivyo bila kuiona lebo yake, kwa sababu hakuna zao lolote lililobadilishwa vinasaba ambalo limeruhusiwa kulimwa kibiashara Tanzania. Jaribio la shambani la mahindi ya namna hiyo lilianza Oktoba 2016 Makutupora, mkoani Dodoma, chini ya WEMA, mradi wa mahindi ya kustahimili ukame barani Afrika, likihusu mahindi yaliyowekewa jeni ya bakteria wa udongoni ili yastahimili ukame. Serikali ililisimamisha Novemba 2018, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha majaribio ya GMO nchini. Mbegu hizo hazikuwahi kufika dukani.

Hata hivyo, jirani zako hawakukosea katika jambo moja: ni kweli kwamba mbegu ile inakurudisha dukani. Walichokosea ni sababu, na sababu hiyo inahitaji maelezo marefu kidogo.

Mahindi huchavushwa kwa upepo. Mbelewele ya juu hutoa chavua, na kila unywele unaochungulia kwenye hindi changa hupokea chembe yake moja ili punje moja ijae. Ukimenya hindi ukakuta mapengo, ujue kuna nywele ambazo hazikufikiwa. Kwa kuwa chavua hutoka kwa jirani yeyote aliye upande wa upepo, shamba la mahindi ya kawaida ni mchanganyiko wa damu nyingi. Mzalishaji wa chotara huanza kwa kuuvunja mchanganyiko huo. Hufunika mbelewele na mahindi kwa mifuko ya karatasi, akauchavusha kila mmea kwa chavua yake wenyewe, kizazi baada ya kizazi, mara sita au zaidi, hadi apate mstari ambao kila mmea ndani yake unafanana na mwenzake. Mistari hiyo huwa dhaifu mno. Ukiikuta shambani utaidharau, kwa mabua yake membamba na mahindi yasiyojaza kiganja. Lakini mistari miwili iliyotoka kwenye koo tofauti inapokutanishwa, watoto wao huwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili, na wote hulingana kimo kana kwamba wamepimwa kwa kamba. Ndiyo maana kwenye mashamba ya mbegu utaona vibarua wakipita safu za mama kila siku wakati wa kuchanua, wakiing'oa kila mbelewele kabla haijamwaga chavua, ili safu zile zipokee chavua ya safu za baba peke yake. Chotara nyingine hutokana na wazazi watatu badala ya wawili, ila msingi ni huo huo.

Wewe ulipotunza punje za msimu wa kwanza, mimea yako ilikuwa imechavushana yenyewe kwa yenyewe. Zile tabia zilizokuwa zimeunganishwa kwa mpango zikagawanyika upya kwa kubahatisha: mmea mmoja ukarithi urefu wa bibi, mwingine udhaifu wa babu, na baadhi wakapata chavua ya shamba la jirani juu yake. Kwa chotara ya wazazi wawili, takribani nusu ya ile nguvu ya ziada hupotea katika kizazi cha pili. Kuchagua mahindi makubwa hakukuokoa, kwa sababu hindi kubwa la chotara halihakikishi kwamba punje zake zitazaa kubwa. Hakuna kilichowekwa ndani ya mbegu. Ni urithi wa kawaida, na ungetokea hata kama chotara ile ingezalishwa na taasisi ya umma bila kampuni yoyote kuigusa.

Simulizi la mbegu iliyotiwa kifo lina asili yake, na si vyema kulicheka. Machi 1998 hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kuumiliki ugunduzi wake, ilitolewa Marekani kwa kampuni ya mbegu ya Delta and Pine Land pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, kwa mbinu ya kuufanya mmea utoe punje zisizoota. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, kampuni kubwa ya mbegu ya Monsanto ikaahidi mwaka 1999 kutoiingiza sokoni, na mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zikakubaliana kuizuia. Mbegu ya namna hiyo haijawahi kuuzwa popote. Na kipo kipimo rahisi cha nyumbani: mbegu yako iliota. Mbegu iliyotiwa kifo isingekupa bua refu wala fupi.

Hapa ndipo umiliki unapoingia, na ndipo napenda wakulima waangalie kwa makini kuliko kwenye maabara. Kampuni yenye chotara haihitaji kukuzuia kwa sheria, kwa kuwa mistari ya wazazi imefungiwa kwake na maumbile yenyewe ndiyo kufuli. Soya ni kinyume chake. Soya hujichavusha, hivyo punje ya leo huzaa mmea uleule msimu ujao, na kufuli ya maumbile haipo. Ndiyo maana kwa soya ya GMO makampuni yalitegemea hataza. Mkulima wa Indiana, Vernon Hugh Bowman, alinunua soya kwenye ghala la nafaka, akaipanda, akatunza mbegu iliyostahimili kiuagugu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba hataza ya Monsanto ilikuwa imevunjwa, na alitakiwa kulipa zaidi ya dola 84,000. Alilipia soya ile, lakini fedha yake haikumpa haki ya kuizalisha upya. Kwa hiyo swali lako la "si mali yangu?" liliulizwa mbele ya majaji wakubwa, na pale jibu likawa: punje ni yako, nakala zake si zako.

Udhibiti huo umekusanyika kwenye mikono michache. Ndani ya miaka mitatu, Dow iliungana na DuPont mwaka 2017 na baadaye ikatokea Corteva, ChemChina ikainunua Syngenta mwaka huohuo, na Bayer ikaichukua Monsanto mwaka 2018. Makampuni hayo matatu pamoja na BASF yanashika takribani nusu ya soko la mbegu za kibiashara duniani, na hayohayo ndiyo wauzaji wakubwa wa viuatilifu. Nchi inaweza kupiga marufuku GMO kesho asubuhi na bado mkulima wake akawa mikononi mwao kwa chotara za kawaida. Kwa maoni yangu mjadala wetu umetumia nguvu nyingi mno kuuliza kama GMO ina sumu, na kidogo mno kuuliza nani anaweka bei ya mfuko wa kilo mbili.

Wala si kila GMO ni ya kampuni. Mfano uko karibu na nyumbani. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo, unaoozesha kiazi ardhini huku majani yakionekana na nafuu, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa Tanga, na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Wataalamu wa Amani waliutafutia kinga kwa kuchanganya mihogo yetu na mihogo ya porini, na kazi hiyo ndiyo iliyolea aina nyingi za kustahimili virusi zilizofuata Afrika. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha upandaji wa wazi wa mihogo ya GMO inayokinza ugonjwa huohuo, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa taasisi ya umma ya utafiti ya Kenya na kituo kisicho cha faida cha Marekani. Mtu anaweza kuikataa kwa sababu zake, lakini hawezi kuikataa kwa hoja kwamba itamrudisha dukani, kwa maana muhogo hupandwa kwa pingili na pingili hutoa mmea uleule kila mwaka.

Sasa sheria ya kwetu. Kuna enzi ambapo mbegu zilisafiri bila mtu kumuuliza mwenyewe: mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na baadaye chotara 11648 iliyozalishwa Mlingano, hapa Muheza, ikasambaa hadi China. Enzi hiyo imekwisha. Leo zipo sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayosimamia ubora wa mbegu zinazouzwa kupitia Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Ya pili ni Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea ya mwaka 2012, iliyotuwezesha kujiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, Novemba 2015. Hii humlinda aliyezalisha aina mpya na kuisajili.

Kwa mujibu wa hizo, kutunza mbegu na kuipanda shambani mwako kwa chakula cha nyumbani si kosa, na mbegu za asili ulizorithi kwa wazee hazina mgunduzi wa kumlipa. Kumuuzia jirani pishi mbili kama mbegu, bila usajili wala ukaguzi, hilo ndilo sheria ya 2003 inakataza. Nami naona katazo hili limewakaza wakulima wadogo kupita kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ya mbegu zinazopandwa vijijini kwetu hupita mkononi kwa mkono kati ya ndugu na majirani, si dukani. Ipo njia halali iliyofunguliwa kwa ajili ya watu kama wewe, yaani mbegu za daraja la kuazimiwa ubora: mkulima au kikundi hujisajili, hununua mbegu ya msingi, TOSCI hukagua shamba, kisha mnaruhusiwa kuuza ndani ya eneo mliloidhinishiwa. Muone afisa kilimo wa wilaya kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna, kwa kuwa shamba lisilokaguliwa likiwa bado na mbelewele haliwezi kuthibitishwa baadaye.

Ukitaka kupunguza safari za dukani, acha kurudia chotara na utafute aina ya mchanganyiko, yaani isiyo chotara na inayochavushana huria, kama Staha, inayofaa kwa ukanda wa chini kama wako na ambayo unaweza kuirudia kwa takribani misimu mitatu kabla ya kununua mpya. Utavuna pungufu kidogo ya chotara mwaka mvua ikiwa nzuri na mbolea ipo. Mwaka ambao huna mbolea, tofauti hiyo huwa ndogo. Itenge mita 200 na mahindi ya jirani, au pishanisheni upandaji kwa wiki nne. Chagua mbegu mimea ikiwa bado imesimama, katikati ya shamba, si kwenye rundo la mavuno, maana kwenye rundo hutaona kama bua lilianguka au lilikuwa na milia ya ugonjwa. Chukua mahindi yasiyopungua mia moja kutoka mimea tofauti, ondoa punje za kitako na za ncha, kausha hadi punje ing'atwe kwa sauti, kisha funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo dumuzi atakutangulia. Mahindi uliyonayo sasa ni chakula kizuri tu, uyale au uyauze kama nafaka, lakini usiyapande mara ya tatu.