Nondo wa bustanini Nairobi: jinsi ya kuwavuta na kuwatazama

Shuka nyeupe, kamba ya kuanikia nguo na balbu moja vinatosha. Kinachowashinda wengi ni kuchagua usiku. Ngoja masika au vuli ikolee, kisha utafute usiku wa mawingu, usio na upepo wala mbalamwezi. Kwa baridi ya Julai usijisumbue.

Balbu ya LED ya manjano haifai, maana macho ya nondo huvutwa zaidi na mwanga wa buluu na wa urujuanimno (UV), usioonekana kwa macho yetu. Ukikosa taa ya urujuanimno, tumia nyeupe kali. Itundike sentimita 30 hivi mbele ya shuka, na pindo la chini ulitandaze nyasini kwa kuwa wengi hutua huko. Zima taa za usalama zilizo karibu. Mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, kumbikumbi watajaa shuka nzima, ahirisha.

Jirani akiwa na viazi vitamu, mtazamie nondo aitwaye Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani hayo. Akitulia ni wa kijivu, utadhani gome la mti. Akiinua mabawa, tumbo lina mikanda ya waridi na nyeusi, na ulimi wake ukinyooka ni mrefu kuliko mwili. Kabla ya kuruka hutetemeka kwanza ili kupasha misuli moto, na hapo ndipo pa kumpiga picha, mwanga ukitoka ubavuni. Usimshike mabawa, ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yake. Penye vichaka vya mioleanda huja nondo wa kijani, Daphnis nerii, ambaye kwa maoni yetu hana mpinzani kwa urembo.

Wasiojali taa huja kwa chambo: ponda ndizi mbili zilizoiva kupita kiasi, changanya na vijiko vitatu vya sukari guru na bia kidogo, acha hadi kesho yake, kisha paka kwenye shina la mti usawa wa kifua. Bila kuzungushia grisi chini yake, sisimizi watakutangulia.

Zima taa kabla ya kulala na ukung'ute shuka vichakani, la sivyo ndege watajifunza kuja alfajiri kula wote.

Taa humvuta pia mdudu wa Nairobi, yule mwembamba mwekundu na mweusi. Haumi, lakini akipondwa juu ya ngozi sumu yake huibabua. Mpulize atoke. Ukimponda kwa bahati mbaya, nawa kwa sabuni kabla hujagusa macho.