Historia ya Marekani: kitabu kimoja, kisha nyaraka mbilimbili

Anayeanza kusoma au kufundisha historia ya Marekani hahitaji rafu nzima ya vitabu. Kitabu kimoja cha kiada kinatosha kukupa mfululizo wa matukio; muda uliobaki utumie kwenye nyaraka zenyewe.

Chaguo letu ni The American Yawp. Kina sura 30, kinasomwa bure mtandaoni, na leseni yake inakuruhusu kukinakili na kukigawa. Kila sura ina nyaraka zake zilizoteuliwa. OpenStax, wachapishaji wa vitabu vya kiada vya bure, nao wana U.S. History, na PDF yake unaipakua mara moja ukaisoma bila intaneti. Usihangaike na vyote viwili, kwani vinapita njia ileile. Kitabu cha Howard Zinn cha 1980, A People's History of the United States, kina haki ya kupendwa, lakini kisiwe cha kwanza: kinabishana na masimulizi yaliyozoeleka Marekani, ambayo msomaji wa nje ya Marekani huenda hajawahi kuyasikia.

Nyaraka za utumwa ni tajiri sana, lakini zinaweza kumpotosha msomaji kwa urahisi. Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani, na mahojiano zaidi ya 2,300 yako kwenye tovuti ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani. Fungua juzuu la South Carolina umtafute bibi mmoja wa Charleston, aliyeandikwa Susan Hamlin mahali pamoja na Susan Hamilton pengine. Kwa Jessie Butler, mwandishi Mzungu aliyedhaniwa ametoka ofisi ya misaada, bibi huyu alimsifu mtu aliyemmiliki enzi za utumwa. Kwa Augustus Ladson, mwandishi Mweusi, alisimulia viboko na familia zilizotenganishwa kwa kuuzwa.

Kwa kipindi kimoja, kata dondoo la maneno 200 hadi 250 kutoka kila mahojiano. Ukigawa maandishi yote, nusu ya darasa haitafika mwisho. Kabla ya kusoma, waulize wanafunzi: nani ameandika, lini, na anayehojiwa alikuwa anahitaji nini kutoka kwake? Wape la Butler kwanza, waandike sentensi moja kuhusu walichokiamini, ndipo ugawe la Ladson. Ukiyatoa yote kwa pamoja watachagua la pili kuwa ndilo la kweli na kufunga mjadala, bila kujiuliza kwa nini mzee maskini, wakati wa ubaguzi wa kisheria, angechunga ulimi wake. Tahadhari nyingine: waandishi walijaribu kuiga matamshi, kwa hiyo Kiingereza cha mahojiano haya kinawakwamisha waliojifunza lugha hiyo shuleni. Kiandike upya kwa tahajia ya kawaida, na uweke cha asili pembeni.

Jozi ya pili ni ya kusahihisha jibu linalojirudia kwenye mitihani, kwamba Rais Abraham Lincoln aliwaachia huru watumwa wote mwaka 1863. Chukua Tangazo la Ukombozi la 1 Januari 1863, linalopatikana kwenye tovuti ya National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani, wanafunzi waorodheshe majimbo yaliyotajwa kuwa yameasi serikali ya Marekani. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware hayamo, kwa sababu yalikuwa na watumwa lakini hayakuasi. Kisha weka kando yake Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyoidhinishwa Desemba 1865. Wasome sentensi ile mpaka mwisho, maana inapiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya uhalifu. Wakiruka maneno hayo, hawataweza kueleza jinsi majimbo ya Kusini yalivyowakodisha wafungwa Weusi kwa wenye migodi na mashamba.