Kabla hujanunua sensa mpya za rivasi

Masika yote ya mwaka jana nilikuwa narudi nyumbani Kinondoni na gari linalolia ovyo. Nikitia rivasi tu kuingia getini, tiiiiii, mlio mmoja usiokatika, ule wa kukwambia umeshafika ukutani. Nyuma hakuna kitu. Mlinzi wetu kasimama pembeni na mwavuli wake anasema, "Njoo, njoo dada, bado, njoo," gari linasema simama. Wiki ya pili nikaamua kumsikiliza mlinzi na kuiacha sensa, kile kiduara cha kwenye bampa kinachopima umbali wa nyuma, ilie itakavyo. Wiki ya tatu mlinzi alikuwa msalani, sensa ikalia kama kawaida yake, nikapuuza kama kawaida yangu, nikaitia nguzo ya geti kwenye bampa.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho sitaki ukifanye. Nilikwenda gereji, fundi akainama sekunde kumi, akainuka. "Dada, hizi zimekufa. Weka mpya zote nne." Tukachukua seti Kariakoo, shilingi elfu sitini, ufundi pembeni, nikaondoka na gari limetulia. Siku nne. Siku ya tano ikanyesha, na wimbo ukawa ule ule.

Safari ya pili nilielekezwa kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari kule Ilala. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari ya sensa, akanikata: "Mwanangu, zima injini. Washa swichi tu. Weka rivasi, vuta hendibreki, kisha shuka uje huku." Akaweka jiwe nyuma ya tairi, akachuchumaa, akapeleka sikio kwenye bampa kama mkunga anayesikiliza tumbo. Akahama sensa moja hadi nyingine. Ya kwanza kushoto, ya pili, ya tatu, ya nne. Akasema zote zinaongea. Mimi nami nikainama kusikiliza, na kweli: tik tik tik tik, sauti ndogo kama saa ya mkononi.

Kipimo hicho hakina gharama, nami sasa ndicho naanza nacho kwa gari la mtu yeyote. Sensa nyingi za bampa hufanya kazi kwa sauti. Kile kiduara unachokiona kina kingozi chembamba kinachotetemeka mara 40,000 au zaidi kwa sekunde, kinatoa sauti, halafu kinanyamaza na kusubiri mwangwi. Sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000 hivi, kwa hiyo sauti yenyewe huwezi kuisikia, ila kule kuanza na kukoma kwake ndiko kunakosikika kama tik tik. Ukuta ukiwa mita moja nyuma yako, sauti inakwenda na kurudi kwa sehemu kama 6 tu kati ya 1,000 za sekunde. Kompyuta ndogo inapiga hesabu hiyo, ndiyo unasikia pi, pi, pi inayozidi kukaza.

Sensa isiyotoa tik tik, ama imekufa ama haipati umeme. Inayotoa tik tik si lazima iwe nzima kabisa, kwa sababu inaweza kupiga kelele na isisikie mwangwi, lakini angalau umejua umeme umeifikia. Kama kuna magari yanakupigia kelele barabarani, weka ncha ya kidole taratibu juu ya kila moja. Utahisi mtetemo mwepesi. Tahadhari moja: kuna magari ambayo ukivuta hendibreki sensa zinanyamaza kwa makusudi. Kwa hayo, mwenzako akae ndani akanyage breki huku wewe unasikiliza.

Kabla hata ya sikio, hata hivyo, chukua mswaki wa zamani, maji na sabuni kidogo. Nasema kwa uzito kwa sababu nimeona watu watatu wakitoa pesa kwa ajili ya tope. Tone la tope lililokauka, au maji yaliyonasa pembezoni mwa kiduara, yanatosha kuifanya sensa ione kitu kimeganda usoni pake. Sugua kwenye ule mfereji mwembamba unaozunguka sensa, maana hapo ndipo uchafu unapojificha. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi, kingozi kile ni chepesi. Na wale vijana wa kuosha magari wenye mashine ya presha, waambie wasisogeze mdomo wa bomba karibu na sensa. Presha ile inasukuma maji mahali ambapo mvua peke yake isingefika.

Jingine la kutazama kwa macho tu ni kibao cha namba. Sensa mbili za katikati ziko jirani nacho. Kikipinda kwa nje, au fremu yake ikilegea na kucheza, sensa inakiona kibao chenyewe na kulia bure. Vivyo hivyo ukiwa na ndoano ya kuvutia trela au chuma cha kulinda bampa ulichojifungia mwenyewe.

Sasa turudi Ilala. Mzee alipokwisha kusikiliza alifungua buti, akanyanyua zulia, akashika kisanduku kidogo cheusi ambacho waya zote nne za sensa zinaingia. Kumbe yule fundi wa kwanza alibadilisha sensa tu. Kisanduku cha zamani na waya za zamani aliviacha, kwa sababu plagi zilifanana na kazi ikawa rahisi. Kisanduku kipya nilikikuta baadaye kimelala kwenye mfuko wake pembeni ya tairi la akiba, hata nailoni hakijatolewa.

Halafu akafanya jambo ambalo lingeniokolea elfu sitini. Akachomoa plagi ya sensa iliyokuwa inalia (kwenye kisanduku zina herufi A, B, C, D) akaibadilishana na ya jirani yake. Kisha akanituma nikasimame nyuma ya gari na kipande cha boksi, nisogee taratibu.

Mantiki yake ni hii. Ukibadilishana sensa mbili na ubovu ukahama pamoja na sensa, basi sensa ndiyo mbovu. Ubovu ukibaki pale pale, tatizo ni njia: plagi, waya au kisanduku. Kwenye seti za kununua unaweza kubadilishana kwenye kisanduku kwanza, na hapo unajua kama ni tundu la kisanduku au ni kila kilicho upande wa bampa. La kwangu lilihama na waya. Kwa hiyo kisanduku kizima, na shida iko huko nje. Akalala chini ya bampa.

Alitoka na plagi ndogo ya kuunganishia waya, ile inayokaa ndani ya bampa upande wa kushoto. Ilikuwa imezungushiwa selotepu. Si tepu ya umeme, selotepu, ile ya kufungia zawadi. Alipoibandua, pini za shaba zilikuwa za kijani kabisa, na ndani kuna maji. Mtu aliyewahi kunyoosha bampa hilo kabla sijalinunua gari alikata mfuniko wa mpira wa plagi na kuziba kienyeji. Mvua ikinyesha, maji yanajaa. Jua likiwaka siku nne, yanakauka na sensa inatulia. Ndiyo maana nilidhani zile mpya zimetibu.

Kwa sisi wa pwani, ukungu huo wa kijani ni mgeni wa kila siku. Hewa ya chumvi haihitaji hata mvua. Kama sensa zako zinasumbua siku za mvua na kupona kiangazi, nakusihi usinunue chochote kabla hujaziona plagi zote kwa macho yako. Mzee alizisafisha kwa dawa ya kopo ya kupulizia plagi za umeme na mswaki, moja iliyolika akaikata na kuunga waya kwa risasi, akavisha ile mipira ya waya inayosinyaa kwa joto, kisha akaifunga juu, mbali na kitako cha bampa ambako maji hutuama. Saa moja na nusu. Alinitoza elfu ishirini, na soda nilimnunulia mwenyewe kwa furaha.

Kuna ubovu wa aina nyingine ambao dalili yake ni ukimya. Sensa hazilii kabisa hata ukuta ukiwa hatua moja. Kwa seti za kununua, kitu cha kwanza ni taa za rivasi, kwa sababu umeme wa kisanduku kwa kawaida huchukuliwa kwenye waya wa taa hizo. Taa zote mbili haziwaki? Acha sensa, tafuta fyuzi, au swichi ya rivasi iliyo kwenye giaboksi. Taa zinawaka lakini sensa kimya? Angalia kile kiungo kilichopachikwa kwenye waya wa taa, mara nyingi ni waya umesokotwa tu kwa mkono, na angalia waya hasi ulikofungwa kwenye bodi, kama pana kutu au rangi chini yake. Na usisahau kengele yenyewe. Nayo hufa.

Kwa magari yaliyokuja na sensa kutoka kiwandani mambo ni tofauti kidogo. Mengi yanajipima yenyewe, na sensa moja ikikataa mfumo wote unajizima, unasikia mlio mmoja mrefu ukitia rivasi halafu kimya. Hapo usidhani zote zimekufa. Huenda ni moja. Gari likapimwe kwa mashine, lakini iwe mashine inayosoma mifumo yote. Vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu, vingi husoma injini tu, vitakwambia gari halina tatizo. Na kama gari limetoka Japani na maandishi yote ni ya kwao, kwanza tafuta kitufe chenye herufi P na vialama vya mawimbi karibu na usukani. Jirani yangu alikaa miezi saba akijua sensa zake ni mbovu. Zilikuwa zimezimwa.

Ukithibitisha kwamba sensa ndiyo mbovu, itoe kwanza usome namba iliyo mgongoni mwake ndipo uende dukani. Kwa Toyota, kwa mfano, namba za sensa hizi huanza na 89341, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha moja na nyingine. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Mtumba wa Japani wenye namba ile ile mimi nauamini kuliko mpya usio na namba.

Rangi nayo ni balaa. Bampa likigongwa, fundi bodi anapaka puti, anapiga rangi, na sensa anazipitishia humo humo kama vile ni sehemu ya plastiki. Rangi nyembamba sensa inaivumilia. Tabaka nene linakibana kile kingozi kisitetemeke vizuri, na hakuna fundi umeme atakayekusaidia hapo. Siku unapeleka gari kunyooshwa, simama mpaka uone sensa zimechomolewa kwenye bampa. Simama kweli, maana ukienda kunywa chai utakuta zimeshapigwa.

Tena, si kila ukimya ni ubovu. Sensa nzima kabisa haitaiona nondo nyembamba iliyosimama, wala waya wa uzio, na jiwe fupi la pembeni mwa barabara litaingia chini ya mwangwi bila kuonekana. Ukiwa karibu mno pia, chini ya sentimita 20 au 30, haipimi tena, inalia moja kwa moja tu. Na kwa Dar yetu hii, jambo kubwa kuliko yote: sensa haioni shimo. Mtaro ulio wazi nyuma yako hauna kitu cha kurudisha mwangwi. Gari litanyamaza kimya mpaka tairi la nyuma litumbukie. Upande mwingine, ukipaki karibu na lori linaloachia breki za upepo, usishangae zikilia bila sababu. Ule mlipuko wa hewa una sauti zinazoingiliana na zao.

Zile sensa nne za zamani nilizoambiwa zimekufa nilikuwa nimezitia kwenye droo. Mwezi wa saba kaka yangu akaja na pikapu yake isiyo na chochote nyuma, nikakumbuka kile kisanduku kipya kwenye nailoni. Jumamosi tukatoboa bampa, tukafunga sisi wenyewe, na mara ya kwanza ikalia tiiiiii uwanjani penye uwazi mtupu. Kaka akaanza kunitazama. Tukachuchumaa: mbili tulizifunga kichwa chini, mshale wa mgongoni unatazama ardhi, kwa hiyo zilikuwa zinaupima udongo. Tukazigeuza. Zinafanya kazi mpaka leo, zote nne.