Kwaresima ya jumuiya, na mama mwenye kisukari

Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti. Nimekuelewa: Njia ya Msalaba ya Ijumaa wanakuja wachache, na mama mmoja mwenye kisukari anang'ang'ania kufunga siku zote 40.

Nianze na huyo mama, maana hapo pana hatari. Kanisa Katoliki linadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa halazimiki. Anayetumia insulini au dawa nyingine za sukari akiruka mlo, sukari yaweza kushuka ghafla akazimia. Aonane na daktari kwanza. Akibisha, mpelekeni kwa paroko amweleze. Badala ya kufunga, kuna rozari, kuna sadaka.

Kuhusu mahudhurio, sisi tulihamishia sala za jumuiya nyumbani kwa wazee na wagonjwa wasiofika kanisani. Watu wakaongezeka, hata vijana, kwa sababu kulikuwa na kazi: kuchota maji, kufua, kupasua kuni. Ombeni ruhusa ya wenye nyumba, na msipige picha (hilo linaudhi kuliko mnavyodhani). Michango ya Kwaresima ihesabiwe na watu wawili na kuandikwa siku hiyohiyo.